Aliyeridhia Hakudhulumiwa

Siku Rubeni alipokwenda kumshitaki kaka yake, Dorkasi alikuwa bondeni akipalilia viazi. Habari aliletewa na Halima, mke wa mjumbe wa nyumba kumi, aliyeteremka kilima kizima viatu vikiwa mkononi.

"Dada Dorkasi, shemeji yako ameshafika mahakamani. Mume wangu amembembeleza wayamalize nyumbani, amekataa katakata."

"Anashitaki nini?"

Halima akainama, akaanza kung'oa magugu ambayo hakuombwa kuyang'oa. "Shamba la mferejini, lile Baba Yunis mumeo alilompa binti yenu Yunis. Anasema ni la ukoo." Akang'oa gugu jingine. "Na anasema Yunis si wa ukoo."

Dorkasi aliendelea kulima. Jembe lake likapasua kiazi kimoja, kisha cha pili, wala hakuona. Maneno hayo alikuwa ameyasubiri miaka ishirini na miwili, na kila mwaka uliopita bila kusemwa ulimfanya ayaogope zaidi. Watu wote wa Mlola wa umri wake waliyajua. Hakuna aliyewahi kuyatamka mbele yake, na wa kwanza katika hao wasioyatamka alikuwa mume wake, Tobia.

Mambo yalikuwa hivi. Wakati wa vita vya pili vya Wazungu, jumbe aliamriwa atoe vijana, na Tobia, ambaye hata harufu ya harusi ilikuwa haijamtoka, akachukuliwa keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa kupigana Bama, ng'ambo ya bahari. Mwaka wa pili habari zikapanda milimani kwamba meli iliyojaa askari imezama, na Tobia alikuwamo. Ukoo ukaweka matanga. Dorkasi, msichana wa Bungu aliyekuja Mlola kuolewa, akanyoa nywele, akakaa chini pamoja na wajane.

Baadaye akaja fundi mmoja, Zakaria, kuezeka kanisa kwa mabati. Alikuwa mtu mpole asiye na maneno mengi, naye alimwahidi Dorkasi kwamba paa likiisha atakwenda Bungu kwa wazazi wake kuposa. Paa lilipokaribia kuisha, ikaja habari nyingine: Tobia hakufa. Yuko hospitali ya askari huko Bara Hindi, anauguza mguu. Zakaria akapigilia mabati ya mwisho, akakusanya vyombo vyake, akashuka Mombo, wala hakuonekana tena. Watu walipiga vigelegele kwa ajili ya Tobia aliye hai. Dorkasi naye alipiga, mkono mmoja ukiwa tumboni.

Tobia alirudi mwaka wa arobaini na sita, akichechemea, amevaa koti refu la jeshi. Alimkuta mkewe ameketi kizingitini, kitoto cha kike kinachojifunza kusimama kimemshika goti, na pembeni mzigo wa nguo umeshafungwa kamba, tayari kwa safari ya kurudishwa kwao. Tobia akautazama mzigo. Akamtazama mtoto.

"Anaitwa nani?"

"Hajabatizwa," Dorkasi alijibu. "Mwinjilisti anasema aletwe na baba yake."

Jumapili Tobia alivaa lile koti lake, akambeba mtoto mpaka mbele ya kanisa, na alipoulizwa jina akasema Yunis, jina la marehemu mama yake. Tangu siku hiyo yeye akawa Baba Yunis na mkewe Mama Yunis. Hawakujaliwa mtoto mwingine. Ule mzigo Dorkasi aliufungua mwenyewe, nguo moja leo, nyingine keshokutwa, akingoja aulizwe. Hakuulizwa. Alipika, alilima, alicheka na wenzake sokoni, lakini ndani ya moyo wake aliishi kama mgeni aliyekaribishwa ndani bila kuambiwa akae mpaka lini. Kuna usiku alimsikiliza Tobia akipumua kando yake akajiuliza: amenisamehe huyu, au ananyamaza tu kwa kuwaogopa watu?

Yunis alikua, akaolewa Soni, akafiwa na mume mapema, akarudi nyumbani na cherehani yake. Ndipo Tobia akampa lile shamba la bondeni, jembamba lakini lenye maji ya mfereji mwaka mzima, apande maharage na kabichi. Na Rubeni, mwenye watoto wa kiume watano na mteremko mmoja wa mawe, akawaka moto. Rubeni hakuwa mtu mbaya. Milima yetu ni mizuri, lakini ardhi yake ukiikunjua haienei kwa watoto wote, na mtu anayewaza watoto wake watalima wapi anaweza kusema hata asilotaka kulisema.

Wito ulipofika, Tobia alisema neno moja tu: "Nitakwenda." Yunis ndiye aliyemfuata mama yake jikoni.

"Mama, kama ni yale maneno, mimi niliyasikia zamani, nikiwa bado nasoma. Niliambiwa na wenzangu tukiteka maji. Usiyaogope kwa ajili yangu."

Dorkasi akamtazama bintiye usoni. Ndipo alipojua kwamba hofu yake haikuwa ya Yunis. Ilikuwa ya yule mzee aliyeketi nje anatengeneza mpini wa jembe.

Hakimu wa mahakama ya mwanzo wakati ule aliitwa Yohane Shemweta, kijana wa Rangwi. Alisoma seminari miaka mingi, akakaribia upadri, kisha akaona wito wake uko kwingine, akasomea sheria. Watu walimwita Hakimu Padri, kwa sababu alikuwa hawezi kumaliza shauri bila kusema Kilatini. Alifumba macho kwanza, akalitamka neno kama anayeonja asali, kisha akafumbua macho na kulieleza kwa Kiswahili, na likigoma, kwa Kishambaa. Kanisani kwao misa ilikuwa imeanza kusomwa kwa Kiswahili, basi Kilatini chake kilibaki hakina pa kwenda ila mahakamani. Mzee mmoja alipomshitaki jirani kwa sababu kuku wa jirani huyo alikula punje za mtama uani kwake, hakimu alisema, "*De minimis non curat lex*. Sheria haijishughulishi na vitu vidogo mno." Mwenye kuku akasimama kwa hasira: "Kuku wangu si mdogo, Bwana Hakimu! Ni jogoo!" Mahakama nzima ikacheka, hakimu naye akacheka mpaka akavua miwani.

Siku ya shauri la Rubeni hakuna aliyecheka. Chumba kilijaa mpaka madirishani. Hakimu aliketi na wazee wa baraza wawili, Mzee Shabani mwenye kofia ya kiua na Mzee Abrahamu. Dorkasi aliketi benchi la nyuma na Yunis, khanga ameishusha mpaka kwenye nyusi.

Rubeni alisimama. "Bwana Hakimu, shamba lile ni la baba yetu, na la baba yake. Kaka yangu ana haki ya kumpa mtoto wake. Sikatai. Lakini Yunis..." Akakwepa macho ya kaka yake. "Kaka yangu alikuwa Bama. Mlola nzima inajua. Miaka minne hakukanyaga hapa. Mwulizeni, kama mtoto wa mwaka arobaini na tano anaweza kuwa wake."

Minong'ono ikapita chumbani kama upepo kwenye miti ya miwati. Dorkasi alihisi mkono wa Yunis ukiushika wake, akauacha ushikwe.

Hakimu akamgeukia Tobia. "Mzee Tobia, umeyasikia. Unataka kujibu?"

Tobia alisimama taratibu, akaupa mguu wake muda wa kukubali. "Bwana Hakimu, kuna mtu mmoja tu duniani mwenye haki ya kuuliza swali hilo. Ni mimi. Na mimi sijauliza."

Akaketi.

Hakimu akaweka kalamu chini. Kisha akafumba macho, na watu waliomzoea wakajua linakuja. "*Pater est quem nuptiae demonstrant*," alisema, polepole. Akafumbua macho. "Maneno haya ni ya Warumi, ya zamani sana. Maana yake, baba ni yule anayeonyeshwa na ndoa. Sheria haichungulii chumbani mwa watu. Haihesabu. Inauliza tu: mama wa mtoto huyu ni mke wa nani? Ukishajibu hilo, umeshamjua baba."

Mzee Shabani akakohoa. "Bwana Hakimu, hayo hata sisi tunayo. Kitanda hakizai haramu."

"Enhe!" Hakimu alifurahi waziwazi, kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. "Ndiyo hayo hayo, mzee wangu."

"Na sisi Washambaa," akaongeza Mzee Abrahamu, "mbuzi wa mahari ndio wanaomjua baba. Mbuzi walitoka kwa nani? Kwa Tobia."

"Lakini hakuwapo!" Rubeni alisema.

"Hakuwapo," hakimu alikubali. "Na angetaka kumkana mtoto, kutokuwapo kwake kungemsaidia. Lakini haki ya kumkana ni ya mume, Bwana Rubeni. Si ya ndugu yake, si ya ukoo, si ya jirani. Mume huyu alirudi, akamwona, akambeba, akambatiza. Mlango huo aliufunga yeye mwenyewe, na wewe huna ufunguo."

Hapo Rubeni akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Akaanza kulia, mtu mzima mwenye ndevu, bila kuficha uso. "Basi kaka yangu ameonewa," alisema. "Mimi nilikuwa kijana wakati ule. Nilimpokea njiani anachechemea, nikambebea begi lake. Nikaona alichokikuta. Ametoka kwenye risasi, anakuta vile! Na hakuna hata mmoja aliyemtetea. Miaka yote hii hakuna aliyemtetea."

Dorkasi akainamisha kichwa. Kesi yote haikumchoma kama maneno hayo, kwa sababu yalikuwa na mapenzi ndani yake.

Hakimu alimngoja Rubeni apanguse macho. Safari hii hakufumba macho yake, alisema kwa upole tu: "*Volenti non fit injuria*. Aliyeridhia hakudhulumiwa. Kumwonea mtu ni kumtendea asilolitaka, Bwana Rubeni. Huwezi kumtetea mtu kwa dhuluma ambayo yeye mwenyewe ameipokea akaiita 'binti yangu'."

Akanong'onezana na wazee, kisha akasoma hukumu. Yunis ni mtoto wa Tobia. Shamba atalitumia maisha yake yote wala asibughudhiwe. Lakini kwa kuwa ni ardhi ya ukoo, kwa mila hataliuza, na siku ya mwisho wake litarudi kwa ukoo. Asiyeridhika akate rufaa wilayani, Lushoto.

Watu walipotoka, Dorkasi hakutoka nao. Neno moja lilikuwa limemkwama kifuani kama tonge. Akamngoja hakimu nyuma ya mahakama, ambapo alizoea kunywa chai akiwa amesimama.

"Shikamoo, mama," hakimu alisema, akaweka kikombe chini.

"Marahaba, baba. Nina swali, nalo si la mahakamani." Aliikunja pembe ya khanga, akaikunjua. "Lile neno la mwisho. Aliyeridhia. Sheria imejuaje kwamba aliridhia? Mimi nimeishi naye miaka yote hii, na sijui."

Kijana yule, ambaye kila neno la Kirumi alikuwa na maana yake mfukoni, alivua miwani akaipangusa. Alitazama bonde, ukungu ulikuwa unapanda.

"Mama yangu," alisema hatimaye, "sheria inatazama matendo. Mtu akiona jambo, akawa na uwezo wa kulikataa, asilikatae, sheria inasema ameridhia. Inaishia hapo. Ndani ya moyo haiingii, haina ruhusa." Akasita. "Nilipokuwa nasoma nilidhani maneno yale ni majibu. Siku hizi naona ni mahali pa kusimama tu, mtu asitumbukie. Jibu unalotaka analo Mzee Tobia. Na nadhani hajaulizwa."

"Hajaulizwa," Dorkasi alisema, kana kwamba ndiyo kwanza analigundua hilo. Miaka yote alikuwa akingoja aulizwe yeye. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba yeye pia ana mdomo.

Yunis alikuwa ametangulia na Halima. Njiani wakabaki wawili, Tobia mbele kwa mwendo wake wa kuchechemea, Dorkasi nyuma. Walipofika penye miwati, njia ikawa pana, Dorkasi akaongeza mwendo akawa ubavuni kwake.

"Baba Yunis."

"Naam."

"Uliridhia?"

Tobia akasimama. Hakujifanya kutoelewa. Akatafuta jiwe, akaketi, akaunyosha mguu, akapapasa nafasi kando yake, na Dorkasi akaketi.

"Nilikasirika," alisema. "Usidhani sikukasirika. Nilipofika Soni nilikuwa nimeshaambiwa. Watu hawakungoja hata nipumue. Niliketi pale maporomokoni, nikasema narudi Tanga, nitafute kazi bandarini, nisahau kwamba nina kwetu."

"Kitu gani kikakupandisha?"

"Nilikuwa nimekufa, Mama Yunis. Mlinilia, mkaniwekea matanga. Nikajiuliza, mtu aliyekufa akirudi, ana haki gani ya kuwauliza walio hai waliishije?" Akaokota kijiti, akakivunja. "Lakini kusema hivyo ni akili tu. Hasira haisikii akili. Nilipombeba kanisani bado nilikuwa nayo. Nilimbeba kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kumbeba. Mwaka mzima nilikuwa nayo."

Dorkasi akajifunga vizuri khanga. Alingoja.

"Unakumbuka alipopata surua? Wewe ulikuwa huwezi kusimama kwa homa. Nikamfunga mgongoni kama mwanamke, nikatembea naye kwenda hospitali ya misheni. Mvua, utelezi, mguu huu. Anapumua shingoni mwangu, pumzi moja, nyingine haiji, kisha inakuja. Nikawa nasema, pumua, pumua mwanangu. Nilipofika, wakamchukua, nikakaa barazani, nikajipapasa ndani nikitafuta ile hasira. Haipo. Sijui iliniangukia wapi njiani. Sikurudi kuitafuta."

Machozi yalimtoka Dorkasi, akayaacha. "Mbona hukuniambia?"

Tobia alimgeukia kwa mshangao wa kweli. "Nilidhani unajua. Nilirudi naye mzima, nikamweka mapajani mwako. Nikaona nimeshasema."

"Sikujua. Nimekaa nyumbani mwako kama mtu anayengoja hukumu."

"Miaka yote hii?"

"Yote."

Tobia alikaa akilitafakari neno hilo, na uso wake ukazeeka mbele ya macho ya mkewe. "Basi nimekukosea," alisema. "Wewe umeyabeba peke yako, na mimi nikidhani nimekutua. Nisamehe, mke wangu."

Dorkasi alicheka huku analia. Alikuwa amejiandaa kuomba msamaha maisha yake yote, wala hakuwahi kujiandaa kuombwa. Akamsimulia hapo hapo habari za Zakaria, tangu siku alipomwona juu ya paa mpaka siku alipoondoka. Tobia alisikiliza yote, akitikisa kichwa mara moja moja.

"Kazi yake aliijua," alisema mwishoni. "Kanisa lile halijawahi kuvuja."

Dorkasi akampiga begani kwa ncha ya khanga, wakainuka. Njia ilipokuwa nyembamba tena, Tobia hakutangulia. Walipita wakibanana.

Rubeni hakukata rufaa. Lakini hakufika kwa kaka yake pia. Kanisani aliketi upande mwingine, na mkewe akapitia njia ya juu. Yunis ndiye aliyechoka na hali hiyo. Mvua za vuli zilipokaribia, alichukua jembe, akaenda mpaka kwa Rubeni, akapiga magoti kidogo kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, baba mdogo."

Rubeni alichelewa kuitikia. "Marahaba."

"Mfereji umeziba kwa juu, kwenye mpaka wako. Peke yangu siuwezi. Na shamba lile ni refu, mimi na cherehani yangu sitalimaliza. Nusu ya chini walime wanao, mpaka watakapopata pao. Hukumu inasema nisiliuze. Haikusema nisigawane na ndugu zangu."

Rubeni aliutazama uso wa msichana yule kwa muda mrefu, akitafuta kitu ndani yake, na kama alikipata au hakukipata, hakusema. Aliingia ndani, akatoka na koleo na wanawe wawili wakubwa. Wakazibua mfereji siku ile. Maji yalipofunguka yakateremka kwa kishindo, yakamlowesha Rubeni mpaka kiunoni, akapiga kelele kwa ubaridi, na Tobia, aliyekuwa amesimama ukingo wa pili akiegemea fimbo, akacheka kwa sauti.

"Kaka, usinicheke," Rubeni alisema, meno yakigongana.

"Toka majini basi," Tobia alimwambia, akamnyoshea fimbo aishike. "Mama Yunis ameweka chai motoni."